Ukiambiwa Kaa

Garissa, Alhamisi, baada ya alasiri

Mwanangu Dahir,

Salamu tumekwisha kupeana leo mara nyingi, asubuhi kwenye chai na mchana juu ya sinia la wali, kwa hiyo sitazirudia hapa. Habari za nyumbani unazijua, maana bado umo ndani yake. Umetoka kwenda kituoni kugongewa muhuri cheti chako cha kusafiri, na mimi nimeona nitumie nafasi hii nikuandikie. Ukiwa mbele yangu sitayasema haya. Nimejaribu tangu Jumatatu nikashindwa.

Nakuandikia Kiswahili. Utashangaa, kwani mimi na wewe hatuzungumzi Kiswahili ila tunapotaniana. Lakini lugha yetu haina maandishi tuliyokubaliana, na barua ya Kiarabu ikikutwa mfukoni mwako kwenye kizuizi itabidi isubiri mtu wa kuisoma, na wewe usubiri pamoja nayo. Kiswahili kila askari anakisoma. Ndiyo sababu pia sitataja jina la afisa wala la kikosi. Sitaki kalamu yangu ikuletee matata.

Mambo ya soksi, chumvi, maji na kuswali safarini mama yako amekwisha kukuambia, na atakuambia tena kesho alfajiri huku lori limeshawashwa. Hapo sina la kuongeza.

Uliponiambia kwamba likizo hii huimalizii nyumbani, kwamba wewe na Mutiso na Wekesa mnakwenda kutembea siku saba kwa miguu kutoka Longonot hadi Nakuru, nilidhani sijasikia vizuri. Nikakuuliza, "Mmepoteza nini?" Kwetu mtu hutembea siku saba kwa sababu ngamia hajulikani aliko, au kuna harusi, au kuna maiti. Ukanijibu kwamba hamjapoteza kitu. Mnakwenda kutazama. Kuna mlima uliowahi kutapika moto, na shimo lililobaki juu yake, na bonde lenye mvuke unaotoka ardhini bila mtu kuwasha kuni. Hamna kiongozi, hamna punda, mna ramani na karatasi ya maelekezo aliyowapigia chapa mwalimu wenu wa jiografia.

Macho yako yalikuwa yanang'aa. Niliyaona na nikaogopa zaidi, kwa sababu mtu mwenye macho yale hasikii.

Ndugu yangu Bishar, adeer wako, alikuwa amekaa mlangoni kama kawaida yake, mguu mmoja ameunyoosha na ule mwingine unaishia gotini. Akataka umsomee karatasi. Ukamfasiria mstari kwa mstari, pale penye mti ulioanguka mgeuke kushoto, pale njia inapogawanyika mshike ya juu. Halafu ukafika mahali palipoandikwa kwamba mkae dakika kumi mtazame ukuta wa shimo upande wa pili. Adeer wako akacheka mpaka akakohoa. Akaacha Kisomali, akatumia kile Kiswahili chake kisicho na herufi p ili anichokoze mimi.

"Karatasi inaambia mtu kaa haba, kaa bale?" akasema. "Hiyo karatasi ni askari?"

Wewe ukacheka, mama yako akacheka. Mimi nikainuka nikaenda uani, nikajifanya natazama kuku. Ulidhani nimeikasirikia safari yako. Nilikuwa nimelikimbia lile neno, na barua hii yote ni kwa sababu ya neno hilo moja. Nitalifikia. Nipe muda kidogo.

Usiku ule nilikuambia hapana. Asubuhi nikakuambia hapana tena. Nilikuwa na hoja nzuri: hali ya hatari iko mwaka wa tatu, magari hayatoki hapa ila kwa msafara wenye askari mbele na nyuma, na huko bara mtu akisikia jina lako kwanza anasikia shifta, mwasi mwenye bunduki. Mutiso na Wekesa wakikutwa kando ya shamba la mtu watafukuzwa kama vijana waliopotea njia. Wewe utaulizwa umeficha wapi wenzako. Ukanijibu, "Aabbo, kama nitakaa ndani mpaka wasiniogope, nitazeekea ndani." Sikulainika. Aliyenilainisha ni adeer wako. Aliniambia, wewe na mama yako mkiwa mmetoka, "Mwache aende. Mimi nilikuwa naenda sahan nikiwa mdogo kuliko yeye." Sahan, unajua, ni kule kutangulia mbele ya watu na mifugo kwenda kuona mvua imenyesha wapi. Ulipokuwa mtoto ulidhani anazungumzia sahani ya kulia. Katika ukoo wetu hapakuwa na mtu wa sahan kama yeye. Alikuwa akirudi baada ya siku nane, midomo imepasuka, na watu wanahamia alikosema bila kumuuliza mara ya pili. Sasa anahesabu hatua kutoka mlangoni hadi chooni, na yeye ndiye aliyesema uende. Mimi mwenye miguu miwili ningesema nini?

Kisha akakupa fimbo yake. Niliona ulivyoipokea kwa mikono miwili, na sikutaka kuharibu. Lakini fimbo hiyo, nakuomba, usiibebe kama tunavyobeba sisi, nyuma ya shingo na mikono yote imening'inia juu yake. Ukiwa ukingoni mwa lile shimo, jua likiwa nyuma yako, mtu aliye bondeni haoni fimbo. Anaona kitu kirefu mabegani mwa Msomali. Ichome chini kila hatua, kama mzee. Wenzako wakikucheka wacha wacheke.

Nimetoka mlangoni kutazama. Saa kumi na moja kasorobo. Kituo si mbali na hujarudi. Pengine foleni ni ndefu.

Muhula uliopita ulimletea mama yako jiwe jepesi lenye vitundu vitundu, ukaliweka kwenye beseni la maji likaelea. Majirani walikuja kulitazama. Hapa Garissa jiwe la kuwekea sufuria ni la kutafuta, sembuse jiwe linaloelea. Mama yako sasa analisugulia visigino, na kila akilishika anakutaja. Mimi nililishika siku moja asipokuwapo nikaliweka chini upesi, kwa sababu nchi ile ya mawe ya moto niliwahi kuiona, na sijawahi kukuambia yaliyonipata huko.

Nilikuwa nimekuzidi miaka miwili tu. Ndiyo kwanza nimeajiriwa kuwa mkalimani, nikafuatana na afisa mmoja hadi Marsabit. Tukapiga kambi kando ya shimo kubwa lenye nyasi na maji chini yake. Asubuhi moja sikuwa na kazi, na wapishi walikuwa wakisifia shimo jingine lililo mbele kidogo. Nikatoka peke yangu kwenda kulitazama. Kwa hiyo usidhani sielewi kinachokuvuta. Nilitembea juu ya mawe meusi yenye ncha, yakilia chini ya makubazi yangu kama vigae, na nilikuwa na furaha ambayo sikuweza kuieleza. Shimo nililiona. Nilikaa ukingoni nikatupa kijiwe, nikasubiri kisikike kikifika, hakikusikika.

Adhuhuri nikageuka nirudi. Nikainama kutafuta nyayo zangu, na nyayo hazikuwapo.

Wewe umezaliwa mjini, pengine hujui jambo hili lilivyonitisha. Sisi ni watu wa mchanga. Mtu wetu akitembea anaacha nyuma yake habari zake zote, na akichelewa jamaa watazisoma na kumfuata. Adeer wako alikuwa akitazama alama za ngamia akakuambia ni jike, ana mimba, na amepita kabla umande haujakauka. Jiwe halishiki wayo. Nilikuwa nimepita mahali ambapo hakuna mtu duniani angejua kwamba nimepita. Nilizunguka hadi jua likaanza kushuka, nikiita, na huku naona haya kusikia sauti yangu. Mchungaji mmoja Mrendile alinisikia, akanishika mkono kama mtoto, akanifikisha kambini kabla hata kiu haijamsumbua. Muda wote huo nilikuwa nikizunguka karibu na hema langu mwenyewe.

Afisa akaniuliza nilikuwa wapi. Nikasema nilikwenda kusalimia watu. Huo ulikuwa uongo wangu wa kwanza kazini. Ulikuwa mdogo, na ulikubaliwa upesi sana, nadhani ndipo nilipojifunza kwamba mkalimani akisema jambo kwa uso mtulivu, huandikwa.

Sasa unaelewa nikisema naogopa mawe yale. Ukipotea huku kwenye mchanga, hata leo adeer wako angebebwa juu ya punda akakusoma mpaka akupate. Huko hatutakuwa na pa kuanzia.

Saa kumi na moja imepita. Mama yako ameuliza mara mbili, "Bado?" na mara ya pili hakungoja jibu. Saa kumi na mbili ni marufuku mtu kuonekana nje, unajua. Naendelea kuandika.

Watu wanasema adeer wako alipigwa risasi akitaka kukimbia. Umesikia hivyo hapa mtaani, na mwaka ule alipokatwa mguu ulipigana na mtoto wa jirani kwa ajili ya neno hilo. Ulikuja na damu puani, nikakukemea kwa kupigana. Sikukuambia kwamba ulikuwa na haki.

Hakukimbia, Dahir. Aliinuka kwa sababu alidhani ameambiwa ainuke.

Alikuwa amefika jana yake kutoka Sangailu na ng'ombe watano wa kuuza. Alfajiri mji ukazungukwa, wanaume wote tukatolewa tukapelekwa uwanjani, wakakalishwa chini kwa mistari. Nasema wakakalishwa, kwa sababu mimi sikukaa. Mkalimani husimama. Nilisimama nyuma ya afisa, hatua kumi au kumi na mbili kutoka kwa ndugu yangu, nimevaa shati langu la kazi lililopigwa pasi. Tulikuwa tumeagizwa tusimwambie mtu yeyote neno ambalo hatukuambiwa tulitafsiri, na mkalimani mmoja wa kutoka Wajir alikuwa ameshafukuzwa kwa kunong'ona.

Jua likapanda. Adeer wako miguu ikamfa ganzi, akajisogeza, akainua goti moja. Askari aliyekuwa upande wake alikuwa kijana, hakukuzidi wewe sana, midomo imemkauka. Wenzake wawili walikuwa wameuawa barabarani usiku wa kuamkia siku ile, na yeye kila aliyekuwa chini pale alimwona ni yule aliyewaua. Alipoona goti limeinuka akapaza sauti.

"Kaa!"

Wewe unakijua Kiswahili, unajua alitaka nini. Sasa lisikie neno hilo kwa sikio la mtu aliyeshinda maisha yake porini na ng'ombe. Kwetu ni kaf na ain. Ka'. Ni neno ambalo mama yetu alituamsha nalo kila alfajiri, ni neno ambalo mama yako anakuamsha nalo wewe: inuka. Nilimwona usoni. Alishangaa kidogo kwamba kati ya watu wote ameitwa yeye, akaweka mkono chini akaanza kuinuka.

"Kaa! Kaa!" askari akasema, na sauti yake ilikuwa imepasuka kwa hofu. Adeer wako akaharakisha kutii. Kadiri alivyoambiwa akae ndivyo alivyoinuka, na kadiri alivyoinuka ndivyo yule kijana alivyozidi kupiga kelele, na hakuna kati yao aliyekuwa na nia mbaya.

Neno lilikuwa mdomoni mwangu. Fadhiso. Ni kaa chini kwa lugha yetu, mtoto wa miaka miwili analijua. Nilikuwa na nafasi ya kulisema, nimeurudia muda ule kichwani mara nyingi na kila mara nafasi ipo. Nilimtazama afisa kwanza, nione kama ataniruhusu. Nilipogeuza macho risasi ilikuwa imeshalia.

Hilo ndilo kosa langu, na sitalipamba. Hatua kumi. Ningeweza hata kwenda nikamsukuma bega akaanguka.

La pili ni baya kuliko la kwanza, kwa sababu la kwanza lilikuwa la kufumba na kufumbua na hili nililifanya nimetulia. Siku ya tatu, mguu umeshakatwa, afisa alikuja hospitalini kuandika maelezo, nami nikiwa mkalimani. Akasema, "Muulize kwa nini aliinuka." Nikamuuliza. Adeer wako alinitazama kana kwamba nimerukwa na akili.

"Si aliniambia ka'?" akasema.

Nikamgeukia afisa, nikasema, "Anasema alishtuka."

Ningesema kweli, ningelazimika kueleza maneno hayo mawili yanavyofanana, na swali linalofuata lingekuwa moja tu: na wewe, mkalimani, ulikuwa wapi? Basi ikaandikwa kwamba alishtuka. Na kutoka kushtuka hadi kutaka kukimbia si mbali, watu walifika wenyewe bila msaada wangu. Adeer wako Kiswahili alikuwa anajua cha sokoni, lakini alijua hesabu ya sauti. Alijua kwamba ka' aliyoisema haikuwamo katika jibu langu. Hajawahi kuniuliza. Anakula kwangu, ananitania, anakufundisha wewe nyota, na hajawahi kuniuliza hata siku moja.

Kuna jambo dogo linaloniuma kuliko linavyostahili. Miaka yote aliyokuwa akija hapa aliniomba nimfundishe Kiswahili. Mimi nilifundishwa na karani mmoja wa Lamu, mtu mwungwana aliyenirekebisha bila kunicheka. Ndugu yangu nilimfundisha matusi mawili na namna ya kutaja bei ya ng'ombe, kisha nikamcheka anavyosema bole na banga. Nami mwenyewe pole naiandika vizuri, lakini mdomoni, umenisikia, inatoka bole vilevile. Kiswahili kilikuwa riziki yangu na sikutaka kukigawa. Neno kaa lingenichukua muda gani kumfundisha?

Utasema, Aabbo, mimi Kiswahili nakijua, nimeshinda tuzo ya insha. Najua. Mimi ndiye niliyewaonyesha watu wa ofisi ile insha. Sasa nikuambie la mwezi uliopita, ambalo hata mama yako nilimficha. Tulikuwa tunarudi na lori, tukasimamishwa kwenye kizuizi cha karibu na mto. Sote tulikuwa tumekaa nyuma juu ya magunia. Abiria mmoja akataka kushuka, na askari aliyekuwa chini akasema kwa ukali, "Kaa!" Mimi, mkalimani wa miaka ishirini, niliyekula kwa lugha hiyo, miguu yangu iliinuka. Haikuniuliza. Nikagonga kichwa kwenye chuma cha turubai nikarudi chini kwa kishindo, lori zima likacheka, na yule askari akacheka pia. Ule uvimbe ulioniuliza, niliosema ni mlango wa ghala, ulitokana na hilo. Nisingalikuwa chini ya chuma kile, sijui.

Kwa hiyo usiutegemee ujuzi wako. Mtu akiwa na bunduki mbele yako, sikio haliendi shuleni. Linarudi kitandani kwa mama yako, alfajiri. Ninachokuomba ni mambo mawili tu. Usilisikilize neno, utazame mkono wa mtu. Mkono ukishuka, shuka nao. Na la pili, waambie Mutiso na Wekesa. Utaona aibu, nijuavyo ulivyo na kiburi changu. Waambie hivyo hivyo. Waambie kwamba kwetu kaa ni inuka, na kwamba ukiwahi kuinuka vibaya, aliye karibu asimtazame mtu yeyote kwanza. Akusukume bega uanguke.

Saa kumi na mbili kasoro dakika kumi. Nimekwenda mlangoni tena. Njia haina mtu. Mbuzi wa jirani wameshafungiwa. Adeer wako amekaa palepale, ameigeuza shingo upande wa kituo na hajairudisha. Mama yako ameacha kuuliza. Anasugua sufuria iliyokwisha kuwa safi.

Ya Rabbi. Sijui niandike nini.

Umeingia. Nimesikia viatu alivyokuazima Wekesa kwenye kibaraza, hakuna mwingine mtaani mwenye viatu vizito vile, na nimeishika meza mpaka vidole vikaniuma. Nasikia mama yako.

"Ulikuwa wapi mpaka saa hii?"

"Hooyo, karani alikwenda kuswali akarudi ameusahau muhuri nyumbani."

"Ungerudi bila muhuri."

"Bila muhuri ningeendaje?"

Halafu nikasikia adeer wako. Hakusema kwa Kisomali. Alisema kwa Kiswahili, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika kwa mtu aliye hatua mbili mbele yake, akalikata neno moja tu.

"Kaa."

Nilisubiri huku nyuma ya ukuta, kalamu mkononi. Kisha nikasikia kiti kikilia chini yako, na mama yako akimimina chai.

Sijui kama alikuambia wewe au aliniambia mimi. Nitamuuliza. Wewe ukishaondoka, nitakaa naye pale mlangoni na nitamuuliza hilo, na yale mengine yote ambayo yeye hakuniuliza. Kisha yule jirani ambaye mwanawe ulimpiga, nitakwenda kwake nimweleze ndugu yangu aliinuka kwa nini. Nitaanzia hapo, sijui nitaishia wapi. Naogopa hata hilo.

Barua hii nitakupa mkononi, wazi, ndani ya karatasi za mwalimu wako. Iliyofichwa ndiyo inayotafutwa. Isome ukifika shuleni, kabla hujavaa mkoba. Ukiisha kuisoma na ukaona huwezi kunitazama kama zamani, nitaelewa, lakini yale mambo mawili yafanye.

Asubuhi ya leo, leo yako ambayo kwangu bado ni kesho, pengine ulijiuliza kwa nini mama yako hakukuamsha kwa sauti. Nilimwomba mama yako asikuamshe kwa lile neno. Hakuuliza kwa nini, akaitikia tu kwa kichwa. Ni mimi niliyekugusa bega. Nilitaka mwili wako ulale siku hizi bila kulisikia, angalau mpaka mfike Nakuru.

Ukirudi, alfajiri ya kwanza utakayolala humu, nitakuja mwenyewe mlangoni nilitamke kwa ain yake yote mpaka adeer wako huko nje alisikie. Hapo uinuke, mwanangu. Inuka upesi utakavyo.

Baba yako,
Noor